Amplifaya ya valvu kwa spika za marehemu baba: nichukue ipi?

*"Shikamoo mzee. Naishi Ngamiani, hapa Tanga. Marehemu baba ameniachia spika mbili za mbao, mashine ya santuri na kasha la sahani za taarab na dansi za miaka ya sitini na sabini, nyingi zikiwa zile ndogo za 45. Amplifaya yake ilishakufa. Nataka kununua ya valvu, maana kila ninayemuuliza anasema ndiyo yenye sauti ya kweli. Nimeonyeshwa tatu, zote zimetumika. Moja ina EL84 nne, wati 12 kila upande. Ya pili ina 300B mbili, wati 8 kila upande, na ndiyo ghali kuliko zote. Ya tatu ina KT88 nne, wati 45 kila upande, imetoka Japani na nyuma imeandikwa volti 100. Muuzaji anasema wati 8 za valvu ni sawa na wati 30 za amplifaya ya kawaida. Rafiki yangu anasema yoyote nitakayochukua, kwanza niondoe valvu zake niweke za zamani za Ulaya. Spika zimeandikwa omu 8, desibeli 86. Sebule ni futi 12 kwa 15, sakafu ya vigae. Umeme wetu unaujua. Nichukue ipi?"*

Marahaba, mwanangu, na Mungu amrehemu mzee. Swali lako nimelisoma mara mbili, na nimefurahi sana kuona umeandika namba zilizo nyuma ya spika. Wengi huniletea majina ya valvu peke yake, spika hawazitaji kabisa. Hiyo 86 ndiyo itakayotuongoza, kwa hiyo naanzia hapo kabla sijagusa EL84, 300B wala KT88.

Desibeli 86 maana yake ni hii: ukiipa spika wati 1, ukasimama mita 1 mbele yake, utapokea sauti ya desibeli 86. Kila ukitaka kuongeza desibeli 3, wati lazima ziwe mara mbili. Ukitaka kuongeza 10, ambazo sikio huziona kama sauti imekuwa kubwa maradufu, wati lazima ziwe mara kumi. Sasa piga hesabu. Wati 8 zinaifikisha spika yako desibeli 95. Wati 12 zinaifikisha karibu 97. Wati 45 zinaifikisha 102 na nusu. Kati ya 8 na 12 tofauti haifiki desibeli 2, ni kitu unachokisikia kwa kutega sikio. Hata 45, pamoja na uzito wake na bei yake, inaizidi 12 kwa desibeli 6 hivi tu.

Je, zinatosha? Mtu anayesikiliza kwa raha sebuleni yuko kwenye wastani wa desibeli 75 hivi. Lakini muziki haukai kwenye wastani. Ngoma ikipigwa, au mwimbaji akipandisha, sauti huruka juu yake kwa desibeli 10 hadi 15, yaani unahitaji akiba ya kufika 90. Kochi lako litakuwa mita 3 kutoka kwenye spika, na umbali huo unakula desibeli kadhaa, ingawa spika ya pili, kuta na hivyo vigae vinarudisha sehemu yake. Kwa hiyo wati 8 zinatosha kwa kubana, na 12 zinatosha kwa nafasi kidogo zaidi. Kwa taarab na dansi la zamani utakuwa salama. Siku ya Idi nyumba ikijaa vijana wakataka singeli, zote mbili zitaelemewa, na hilo ulijue mapema.

Hapa nimsahihishe muuzaji. Wati ni wati, iwe imetoka kwenye valvu au kwenye transista, zile zilizo ndani ya amplifaya za kawaida. Kilichozaa maneno yake ni jambo la kweli lililotiwa chumvi. Amplifaya ya transista ikifika mwisho wa nguvu zake huikata sauti ghafla, na sikio linachukia papo hapo. Nyingi za valvu hazikati ghafla. Zinaanza kuikunja sauti taratibu, hivyo vishindo vifupi vinapita bila kukukera. Unaweza kuvumilia kuiendesha karibu na ukomo wake. Hilo haliwezi kuzigeuza wati 8 kuwa 30.

Ili uelewe kwa nini nitakushauri nitakavyokushauri, tuingie ndani ya valvu yenyewe. Ndani hamna hewa. Katikati kuna kipande cha chuma kinachopashwa moto na ule waya unaouona unawaka wekundu, na kikishika moto kinatoa elektroni. Kukizunguka kuna bati lenye volti 300 au zaidi, linalozivuta elektroni hizo. Kati yao kuna wavu mwembamba. Fleming wa Uingereza alitengeneza valvu isiyo na wavu mwaka 1904. Lee de Forest wa Marekani akauongeza wavu mwaka 1906, na hapo ndipo kukuza sauti kulipowezekana. Umewahi kuona mashamba ya chumvi ya huku pwani, bamvua linapojaa? Mtu mmoja anapandisha kibao cha lango kidogo tu, na maji yanaingia mengi ambayo asingeweza kuyabeba kwa ndoo kutwa nzima. Wavu ndio kibao hicho. Sauti dhaifu ya santuri inaupandisha na kuushusha, na mkondo mkubwa kutoka kwenye umeme wa ukutani unafuata vilevile.

Ila mkondo huo hauwezi kupelekwa kwenye spika moja kwa moja. Valvu hutoa volti nyingi na ampea chache mno, na spika inataka kinyume chake. EL84 mbili zikifanya kazi pamoja zinataka kuona mzigo wa omu 8,000 hivi (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na spika yako ina omu 8. Anayewapatanisha ni transfoma ya kutolea sauti, ambayo waya wake wa upande wa valvu una mizunguko kama 32 kwa kila mzunguko 1 wa upande wa spika. Inafanya kazi ya gia ya baiskeli kwenye mlima. Mimi nikiletewa amplifaya ya valvu, hicho ndicho kitu cha kwanza ninachokitazama, kabla hata ya kusoma majina kwenye vioo. Besi inahitaji chuma kingi ndani ya transfoma, na chuma kingi kina uzito. Amplifaya inayodai wati 12 kila upande lakini unaiinua kwa mkono mmoja bila kuhangaika, iulize maswali. Valvu utabadilisha miaka yote. Transfoma hiyo ndiyo utakayoishi nayo.

Sasa 300B. Hii ni valvu yenye historia nzito: ukoo wake ulianza miaka ya 1930 katika kampuni ya Western Electric ya Marekani, kwenye amplifaya za majumba ya sinema. Watu wakisikia hivyo husema, kama wati 8 zilijaza jumba la sinema, sebule yangu ni nini? Jawabu ni kwamba spika za majumba yale zilikuwa za honi kubwa, na wati 1 kwake ilitoa desibeli zaidi ya 100. Spika ya mzee ikilinganishwa nazo iko chini kwa desibeli 14 au zaidi, maana yake inadai wati kama mara 25 ili itoe sauti ileile.

Hiyo ya pili uliyoonyeshwa ina valvu moja kwa kila upande, inabeba wimbi lote peke yake. Yenye EL84 na yenye KT88 zina mbili kila upande, zinazofanya kazi kwa kuvuta na kusukuma, kama watu wawili kwenye msumeno wa magogo. Ya valvu moja ina uzuri wake, sitaki kuudharau. Makosa inayoyaongeza kwenye sauti mengi ni ya oktava moja juu ya noti iliyopigwa, na oktava inakubaliana na noti yake, kwa hiyo sikio linasikia unono badala ya kosa. Fidla na sauti ya mwanamke zinapata mwili. Lakini nyingi za aina hii hazina marejesho, yaani ule utaratibu wa kurudisha sehemu ndogo ya sauti inayotoka ili amplifaya ijilinganishe na kujisahihisha, ambao Williamson wa Uingereza aliupa sifa kubwa kwa mchoro wake wa mwaka 1947. Bila marejesho, ukinzani wa ndani wa amplifaya unabaki mkubwa, omu 2 au 3. Na ile omu 8 iliyoandikwa kwenye spika ni jina la ukoo tu: kwenye noti moja inaweza kuwa 6, kwenye nyingine ikapanda hadi 30. Amplifaya yenye ukinzani mkubwa inayafuata mapando hayo. Kwenye besi koni, yaani ile sehemu ya spika inayotikisika, inakosa wa kuizuia, inaendelea kutikisika baada ya noti kwisha, na kwenye chumba cha vigae utasikia mvumo usio na umbo. Spika zilizotengenezwa kwa ajili ya 300B zinalijua hilo. Hizi zako za desibeli 86 sidhani.

Kwa hiyo iliyo ghali kuliko zote ndiyo isiyoifaa nyumba yako. Ungekuwa na spika za desibeli 95 na kuendelea ningekuambia mengine.

Kuhusu "sauti ya kweli". Kwa vipimo, amplifaya nzuri ya transista inaongeza makosa machache kuliko valvu, tena kwa mbali sana: sehemu ndogo mno ya asilimia 1, wakati ya valvu moja ikisukumwa karibu na mwisho inaweza kupita asilimia 2 au 3. Ukipenda valvu, ipende kwa sababu inakupendeza sikioni, na hiyo ni sababu tosha. Kama kasha la mzee lina Black Star na Lucky Star za hapahapa Tanga, au Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, karibu kila kilicho muhimu humo kipo katikati: mwimbaji, fidla, akodiani, magitaa. Besi yake haishuki sana. Huo ndio muziki ambao amplifaya ndogo ya valvu inauhudumia vizuri, na mimi mwenyewe nikitaka kumsikiliza Shakila huwasha valvu.

Ya tatu, ya KT88, ina nguvu ya kutosha na akiba juu. Shida ni mbili. Kwanza volti 100. Ukiichomeka kwenye 230 ya ukutani itaungua ndani ya dakika, na hakuna fundi atakayeirudisha kwa bei inayoeleweka. Inahitaji transfoma ya kushusha kutoka 230 hadi 100, yenye uwezo wa angalau VA 500 (volti mara ampea), na iwe imeunganishwa nayo daima ili siku moja mtoto au mgeni asiichomeke peke yake. Kuhusu mzunguko wa umeme usihofu: Japani nusu ya nchi inatumia hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde) na nusu hezi 60, kwa hiyo vifaa vyao vya nyumbani kwa kawaida vinakubali 50 yetu. Kifaa cha Marekani kilichoandikwa 60 peke yake kingekuwa habari nyingine, transfoma yake ingechemka. Pili ni joto. Amplifaya ya namna hiyo inakula wati 200 hadi 250 hata kama hujaweka sahani. Saa nne kila jioni ni karibu uniti 1 ya luku, na zote zinaishia kuwa joto sebuleni mwako. Ya EL84 inakula karibu nusu ya hapo. Mwezi wa pili, kaskazi ikiwa imetulia na feni inazungusha hewa ya moto, utaijua tofauti hiyo.

Umeme unaopanda na kushuka unaziumiza valvu zote tatu. Waya wa kupasha moto wa EL84 na KT88 unataka volti 6.3, na ukizidi au kupungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi maisha ya valvu yanafupika. Ukuta ukipanda hadi 250, umeshaukaribia mpaka huo, na zile volti 300 za ndani nazo zimepanda. Nunua stabilaiza yenye uwezo mara mbili ya mahitaji ya amplifaya. Umeme ukikatika, zima swichi na uchomoe. Ukirudi, subiri dakika kadhaa utulie ndipo uwashe.

Rafiki yako kuhusu valvu za zamani za Ulaya: usianzie huko. Hela hiyo iweke. Valvu mpya zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China, na EL84 nne mpya zinazolingana ni nafuu kuliko jozi ya 300B kwa mbali. Valvu za kutolea nguvu huishi kama saa 2,000, nyingine zaidi. Kwa saa nne kwa siku ni mwaka mmoja na miezi kadhaa. Kinachosumbua zaidi hapa kwetu ni hewa ya bahari: inatia kutu kwenye miguu ya valvu na kwenye soketi, na matokeo yake ni mikwaruzo na sauti inayopotea upande mmoja. Ikishapoa, ifunike kwa kitambaa cha pamba kuzuia vumbi na mijusi. Usiifunike ikiwa na moto.

Basi nichague: chukua ya EL84, kwa masharti. Kabla ya kulipa, toa vifuniko vya mbele vya spika na uguse kwa upole ile pete inayoishika koni pembeni. Kama ni ya sponji, kwa umri huo na unyevu wa Tanga kuna uwezekano mkubwa imeoza na itapukutika mkononi. Kubadilisha pete ni kazi ya bei ndogo, na bila hiyo amplifaya yoyote itasikika mbovu. Kisha badilisha sindano ya santuri. Sindano iliyochakaa inazikwangua sahani za mzee kila unapoipiga, na hasara hiyo hairudi. Angalia pia kama amplifaya ina tundu la santuri. Nyingi hazina, na sauti ya santuri ni milivolti 5 tu au pungufu, na imerekodiwa besi ikiwa imepunguzwa makusudi, hivyo utahitaji priamplifaya yake ndogo ya kuikuza na kuirudishia besi. Na kama pete, sindano na priamplifaya vitamaliza bajeti, nunua kwanza amplifaya nzuri ya transista ya wati 40 iliyotumika. Utazisikia sahani za baba vizuri sana, na valvu zitakusubiri.

Sasa la usalama, nalo naliweka kwa uzito. Usiwashe amplifaya ya valvu bila spika kuunganishwa. Nyumba moja ya Chumbageni kijana alichomoa waya wa spika ili afagie, muziki ukiendelea. Transfoma ikikosa mzigo volti zake hupanda mno, cheche zikatoboa waya ndani yake, na kifaa kilichodumu miaka mingi kikafa kabla hajamaliza kufagia. Usifungue kifuniko cha chini mwenyewe hata ukiwa umechomoa: kapasita za ndani, yaani vihifadhi vya chaji ya umeme, hubaki na volti 300 au 400 kwa muda, na hizo zinaua. Ukiona bati la ndani ya valvu linaanza kung'aa wekundu, mbali na ule waya wa katikati, zima hapohapo. Vivyo hivyo kwa harufu ya kuungua, au mngurumo unaokua siku hadi siku. Hapo hakuna ushauri wa maandishi unaotosha. Mpelekee fundi aliyewahi kufanya kazi za valvu. Muulize anazitoaje chaji kapasita kabla ya kuingiza mkono. Asipokuwa na jibu la haraka, shukuru na uondoke. Na kama amplifaya imekaa miaka bila kuwashwa, asiichomeke moja kwa moja ukutani. Aiwashe kwa kuipitishia umeme kwenye balbu ya zamani ya wati 60 au 100, ile ya waya, ili kukiwa na shoti balbu iwake badala ya transfoma kuungua.

Kwa muuzaji, omba picha ya bango la nyuma lenye volti, picha ya chini ikiwa imefunguliwa na fundi, na uzito wake kwa kilo. Halafu nenda na spika moja ya mzee na sahani moja unayoijua neno kwa neno, iwashwe nusu saa nzima mbele yako, upande wa kushoto kisha wa kulia, kabla hujatoa hata shilingi.